Kamera ya Kihisi Kidogo kwa Anga la Dodoma: ASI662MC na Zinazoshindana Nayo

Mtu akishanunua darubini ya kioo cha milimita 130 au 150, akaitumia kwa miezi kadhaa na kuyazoea mashimo ya mwezi na pete za Zohali, haupiti muda mrefu kabla hajatamani kubaki na picha ya kile anachokiona. Simu janja iliyofungwa kwenye lenzi ya jicho inatosha kwa mwezi, lakini kwa sayari hukwama mapema, na hapo ndipo mtu huanza kutafuta kamera maalumu na kukutana na orodha ndefu ya majina ya herufi na tarakimu yasiyomwambia lolote. Tathmini hii nimeiandika kwa ajili ya mnunuzi huyo, hasa aliyeko Dodoma, Singida, Manyoni au Kondoa, ambaye hawezi kutumia zaidi ya dola 250 za Marekani kwa kamera peke yake. Hukumu yangu naiweka mwanzoni: kwa darubini ndogo chini ya anga la Tanzania ya kati, kamera ninayoipendekeza ni ZWO ASI662MC, au nyingine yenye kihisi (kipande kinachopokea mwanga na kuugeuza picha) kilekile cha Sony IMX662, kwa mfano Player One Mars-C II. Sababu zake hazihusiani kabisa na wingi wa megapikseli.

Vihisi vya aina hii havikubuniwa kwa ajili ya wapenzi wa nyota. Sony iliitengeneza familia ya vihisi iitwayo STARVIS kwa ajili ya kamera za ulinzi, zile zinazotundikwa kwenye kuta za benki na maghala, ambazo hazina budi kuona usiku penye mwanga hafifu. Kwa kuwa soko la ulinzi ni kubwa mno kuliko letu, kihisi chenye usikivu wa hali ya juu hutengenezwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu au mwanafunzi wa chuo anaweza kuifikiria. ZWO na Player One za mjini Suzhou, pamoja na QHYCCD ya Beijing, hukiweka kihisi hicho ndani ya kopo dogo la alumini lenye mdomo wa inchi 1.25, ambao huingia pale pale inapokaa lenzi ya jicho, kisha hukiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB. Kamera haina betri, haina skrini wala kadi ya kumbukumbu, na umeme wote inaoutumia kupigia picha hutoka kwenye kompyuta kupitia waya huo huo mmoja. Kwa anayekwenda kupiga picha mahali pasipo na nguzo ya umeme, hilo si jambo dogo.

Kabla ya kulinganisha kamera ni lazima kuelewa kazi yenyewe inavyofanyika, kwa sababu picha ya sayari haipigwi kama picha ya harusi. Hewa iliyo juu yetu haitulii. Inachemka na kuipindapinda sura ya sayari mara nyingi kwa kila sekunde, na katikati ya vurugu hiyo hupatikana vipande vifupi vya muda ambapo sura inakaa sawa. Kwa hiyo tunarekodi video yenye maelfu ya fremu, kisha programu kama AutoStakkert! huzipanga fremu hizo kwa ubora, huchukua zile bora na kuzilaza moja juu ya nyingine ili chenga, yaani vidoadoa vinavyochafua picha, zipungue, na mwisho tunainoa picha iliyopatikana. Muda wa kurekodi nao una kikomo. Mshtarii hujizungusha mzunguko mzima kwa saa zisizofika 10, hivyo ukirekodi zaidi ya dakika mbili au tatu mfululizo, alama zilizo kwenye uso wake zinakuwa zimekwisha kusogea na picha inaanza kufifia. Kamera nzuri kwa kazi hii, basi, ni ile inayokusanya fremu nyingi kadiri inavyowezekana ndani ya dakika hizo mbili, na kila fremu ikiwa na chenga chache.

Tuje sasa kwenye megapikseli, jambo linalowapotosha wengi. Ukitaka kujua kila pikseli inaona sehemu kubwa kiasi gani ya anga, chukua ukubwa wa pikseli kwa mikromita, ugawanye kwa urefu wa fokasi wa darubini kwa milimita, kisha uzidishe kwa 206. Jibu ni idadi ya sekunde za tao (kipimo cha pembe, 3,600 zake ni digrii moja) zinazoangukia pikseli moja. Pikseli za IMX662 zina mikromita 2.9. Darubini ya kioo cha milimita 130 yenye fokasi ya milimita 650, ambayo ndiyo watu wengi wanaoanza huinunua, ikiwekewa lenzi ya Barlow ya mara tatu, yaani inayoirefusha fokasi mara tatu, inakuwa na fokasi ya milimita 1950, na kila pikseli inaona takriban sekunde za tao 0.31. Mshtarii ukiwa karibu nasi una upana wa kama sekunde za tao 46. Kwa hiyo sayari kubwa kuliko zote inachukua pikseli 150 tu kwenye kihisi chenye upana wa pikseli 1920. Aliyelipia megapikseli nane kwa ajili ya sayari amelipia eneo kubwa la giza kuizunguka picha yake.

Kanuni nyepesi ambayo wapiga picha wengi wa sayari huifuata ni kuhakikisha namba ya uwiano wa fokasi (urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa kioo, unaoandikwa kwa f/) inakaribia mara tano ya ukubwa wa pikseli. Mara tano ya 2.9 ni 14.5, na darubini ya f/5 yenye Barlow ya mara tatu inakuwa f/15, yaani zinaoana bila kuhitaji kifaa kingine chochote. Mwenye darubini ya Maksutov ya milimita 127 na fokasi ya milimita 1500, ambayo ni f/12 hivi, anaweza kuichomeka kamera hii moja kwa moja na kuanza kazi. Uoanifu huu na darubini zinazopatikana kwa watu wa kipato cha kati ndio sababu yangu ya kwanza ya kuipendelea.

Sababu ya pili ni utulivu wa picha yenyewe. ASI662MC hupiga hadi fremu 107 kwa sekunde kwa ukubwa wake kamili wa pikseli 1920 kwa 1080, na chenga zinazoingizwa na saketi zake wakati wa kusoma fremu hushuka chini ya elektroni moja pale kipimo cha kukuza ishara, ambacho programu nyingi hukiita geini, kinapopandishwa. Katika matumizi ya kawaida kwa Mshtarii kwenye f/15 naweka muda wa milisekunde 8 kwa kila fremu, napandisha geini mpaka mwanga ufike kama theluthi mbili ya kipimo, na fremu mojamoja inayoonekana kwenye skrini, kabla ya kufanyiwa lolote, tayari inaonyesha mikanda miwili ya ikweta na wingu linaloizunguka Doa Kubwa Jekundu. Pikseli zake pia hubeba elektroni nyingi, zaidi ya mara tatu ya zile za IMX462 iliyoitangulia. Faida ya hilo huonekana kwenye mwezi, hasa kwenye mstari unaotenganisha usiku na mchana, ambapo vilele vya milima vinawaka jua huku mabonde yaliyo kando yake yakiwa giza totoro: vilele haviungui na mabonde hayapotei. Tena haina ule mng'ao wa uongo unaojitokeza pembezoni mwa picha muda wa kukusanya mwanga unaporefushwa, kasoro inayojulikana sana kwenye vihisi vya kizazi kilichopita.

Kuhusu kasi kuna jambo ambalo wauzaji hawalielezi vya kutosha. Fremu moja kamili ya kamera hii, kwa biti 8, ni kama megabaiti 2. Fremu 107 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 220 kila sekunde, na dakika mbili za kurekodi zinajaza zaidi ya gigabaiti 26. Kompyuta mpakato nyingi za mtumba zinazouzwa mjini bado zina diski ngumu ya kuzunguka, ambayo haiwezi kabisa kumeza data kwa kasi hiyo, na matokeo yake ni fremu kudondoka bila mtumiaji kujua chanzo. Dawa yake ni rahisi: ndani ya programu ya kurekodia, punguza eneo linalosomwa liwe pikseli 640 kwa 480 kuizunguka sayari. Dakika hizo hizo mbili zitakuwa gigabaiti 4 hivi, mzigo ambao hata kompyuta ya zamani inaumudu, na kwa kuwa Mshtarii una upana wa pikseli 150, hakuna kinachopotea. Ukipata nafasi ya kubadilisha diski na kuweka SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, fanya hivyo. Fundi yeyote wa kompyuta anaifunga kwa muda mfupi, na utaiona faida yake hasa unapopiga mwezi, ambako huwezi kupunguza eneo.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niwe mwangalifu na SVBONY SV305, kamera inayopendwa kwa bei yake ya chini. Kihisi chake, Sony IMX290, ni kizuri na pikseli zake ni za ukubwa ule ule wa mikromita 2.9, lakini inatumia USB 2.0, njia ambayo kwa kweli hupitisha kama megabaiti 40 kwa sekunde. Kwa fremu kamili hiyo ni kama fremu 20 kwa sekunde. Mwenye stendi ya mota inayoifuata sayari anaweza kupunguza eneo na kuendelea vizuri, na kwake nisingesema ni fedha iliyopotea. Mwenye darubini ya Dobson isiyo na mota, ambaye analazimika kuiacha sayari ipite yenyewe mbele ya kihisi kutoka upande mmoja hadi mwingine, anahitaji upana wote wa pikseli 1920 na kasi kwa pamoja. Kwa vipimo vile vya milimita 1950, sayari huvuka upana huo kwa takriban sekunde 40, na katika sekunde hizo ASI662MC inakusanya fremu zaidi ya 4,000. Programu ya PIPP kisha huiweka sayari katikati ya kila fremu. Nimeona picha nzuri za Zohali zilizopatikana kwa njia hiyo, kwenye darubini iliyosukumwa kwa mkono. SV305 Pro, yenye USB 3.0, inaondoa kikwazo hicho, ila bei yake inakaribia ile ya kamera bora zaidi.

ASI224MC ndiyo iliyokuwa chaguo la watu wengi kwa miaka mingi na bado nainunua moyoni kila ninapoiona ikiuzwa na mtu aliyeitunza. Kihisi chake, IMX224, kina pikseli 1304 kwa 976 tu, lakini chenga zake za kusoma nazo hushuka chini ya elektroni moja na kasi yake hufika fremu 150 kwa sekunde. Udhaifu wake ni pikseli za mikromita 3.75, ambazo kwa kanuni ya mara tano zinadai f/19 hivi, kiwango ambacho darubini ya f/5 hukifikia kwa taabu, na mng'ao wa pembeni kwenye picha za muda mrefu. Kwa anayeipata ya mtumba kwa nusu ya bei ya mpya, achunguze kwanza kioo kinachokifunika kihisi kama hakina mikwaruzo, kisha aichukue bila wasiwasi. ASI120MC-S, yenye pikseli za ukubwa huo huo, ni ya bei ya chini zaidi lakini chenga zake ni nyingi waziwazi. Inafaa kama kamera ya kuongozea stendi kuliko kamera kuu.

ASI462MC ni jambo tofauti, kwa kuwa ina kipaji ambacho 662 haiifikii: usikivu wake mkubwa uko kwenye mwanga wa infraredi, karibu na nanomita 800 na kuendelea. Anayetaka kupiga Mshtarii kwa kichujio cha methani cha nanomita 889, au kupiga Zuhura na Mirihi kwa infraredi, aitafute hiyo. Wengine wasihangaike.

ASI585MC ni kamera ambayo ningeichagua iwapo bajeti ingefika dola 400. Ina pikseli zile zile za mikromita 2.9, ila kihisi chake kina upana wa milimita 11 badala ya 5.6, na tofauti hiyo huonekana kwenye mwezi. Katika fokasi ya milimita 650 bila Barlow, mwezi unachukua takriban pikseli 2,020, kwa hiyo unaingia mzima katika pikseli 3840 kwa 2160 za 585, isipokuwa pale mwezi unapokuwa karibu kabisa na Dunia, ambapo kingo zake hukatwa kidogo. Kwenye 662 mwezi hauingii. Inabidi upigwe vipande vinne na kuunganishwa baadaye. Kwa sayari kamera hizi mbili hazitofautiani kwa kitu ambacho jicho litakiona. Mnunuzi ajiulize anapenda nini zaidi, kisha aamue kama kuunganisha vipande ni usumbufu wenye thamani ya dola 150.

Yote niliyoyasema mpaka hapa yangeweza kusemwa Arusha au Nairobi. Dodoma ina sifa zake, na ndizo zinazonipa uhakika kwamba kamera ndogo ya sayari inatufaa kuliko inavyowafaa wengi wanaoandika maelekezo kutoka Ulaya. Mji uko takriban digrii 6 kusini mwa ikweta na mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sayari zote husafiri kwenye ukanda ambao kwetu hupita juu sana kichwani, wakati mwenzetu aliyeko Uingereza kuna miaka anaipiga Zohali ikiwa juu kidogo tu ya mapaa ya nyumba. Sayari ikiwa chini, hewa hutawanya rangi zake na kuweka ukingo mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili, kasoro ambayo huko hununuliwa kifaa cha kuirekebisha kwa fedha inayokaribia bei ya kamera. Sisi kifaa hicho hatukihitaji. Mwaka 2026, kwa mfano, Zohali iko karibu kabisa na ikweta ya anga, na inapovuka katikati ya anga letu hubakiza digrii chache tu kufika utosini.

Sifa ya pili huonekana kama hasara, lakini inaipa nguvu hoja ya kamera ndogo. Picha za nebula na galaksi, kwa njia inayofundishwa kila mahali, huhitaji stendi ya ikweta ambayo mhimili wake umeelekezwa kwenye ncha ya anga. Nyota ya Kaskazini inayotumiwa na watu wa kaskazini haionekani kwetu, na ncha ya kusini iko digrii 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi na nyuma ya vilima, ikiwa imewekewa alama na nyota hafifu sana iitwayo Sigma Octantis. Zaidi ya hapo, stendi nyingi za bei nafuu hupata taabu kuinamishwa mpaka digrii 6 bila mawe ya mizani kugonga miguu. Picha za sayari hazihitaji lolote kati ya hayo, kwa sababu kila fremu ni ya milisekunde chache tu. Unaiweka darubini chini, unaisawazisha, unaitafuta sayari, unarekodi.

Hata kwa nebula kuna njia, na inatokana na mahali tulipo. Karibu na ikweta nyota huchomoza mashariki karibu wima na kuzama magharibi vivyo hivyo. Kwa hiyo stendi ya kawaida, inayokwenda juu na chini na kushoto na kulia, ikielekezwa mashariki au magharibi, hufuata nyota bila picha kuzunguka sana, tofauti na inavyokuwa kwenye nchi za mbali na ikweta. Nebula ya Orion, iliyo takriban digrii 5 kusini mwa ikweta ya anga, hupita karibu kabisa juu ya utosi wa mtu aliyesimama Dodoma. Ukiipiga ikiwa nusu ya njia ya kupanda upande wa mashariki, kwa fremu za sekunde 4 au 5 zinazolazwa moja juu ya nyingine na programu kama SharpCap papo hapo, rangi yake ya waridi inaanza kujitokeza kwenye skrini ndani ya dakika chache. Ikikaribia utosini uiache, kwa sababu hapo stendi hulazimika kugeuka ghafla nusu mzunguko.

Lakini msomaji asitegemee kwamba nebula nzima itaingia. Kwenye fokasi ya milimita 650, ASI662MC inaona nusu digrii kwa upana na chini ya theluthi moja ya digrii kwa kimo, ilhali nebula hiyo inaenea digrii nzima. Utapata kiini chake na nyota nne za Trapezium, basi. Kundi la Omega Centauri, fahari ya anga la kusini, litajaza fremu na kumwagika nje. Kilimia hakifai hata kujaribu. Kinachokaa vizuri ni vitu vidogo kama galaksi ya Sombrero na nebula za mviringo. Anayetaka Njia Nyeupe kwa mapana yake atumie kamera ya kawaida ya lenzi, hata ya zamani, juu ya miguu mitatu. Kamera ninayoitathmini haikuundwa kwa kazi hiyo na si haki kuidai.

Uwe mjini au nje ya mji, kwa sayari haijalishi. Taa za Dodoma zimeongezeka sana tangu Serikali ilipohamia, na upande wa Mtumba anga sasa lina weupe usiokuwepo zamani, ila Mshtarii hung'aa kuliko taa zote hizo na picha iliyopigwa uani Nkuhungu haitofautiani na iliyopigwa porini. Kinachoharibu picha ya sayari mjini ni joto. Mabati na sakafu za saruji hulimeza jua la mchana kutwa na kulitoa usiku, na hewa inayopanda kutoka hapo huonekana kwenye skrini kama maji yanayochemka juu ya uso wa sayari. Weka darubini kwenye udongo au nyasi, usipige juu ya paa la jirani, na uitoe nje saa moja kabla ili kioo chake kipoe. Kwa nebula, kinyume chake, safari ya Hombolo au upande wa Bahi ni ya lazima.

Msimu wetu ni ule wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, wakati usiku baada ya usiku hupita bila wingu, na baridi ya Juni na Julai huisaidia kamera isiyo na mfumo wa kupoozea, kwa kuwa chenga za joto hupungua. Msimu huo huo ndio wa upepo na vumbi, na vumbi la Dodoma linaingia kila mahali. Usiku mmoja huko Hombolo, mzee mmoja aliyekuja kuangalia skrini aliniuliza, "Mwalimu, hicho kidoti cheusi kwenye sayari si vumbi hilo?" Lilikuwa swali zuri, na jibu lake kila mmiliki wa kamera hii anapaswa kulijua: isogeze darubini kidogo. Alama ya vumbi hubaki pale pale kwenye skrini huku sayari ikisogea. Kile kidoti kilisogea pamoja na Mshtarii, kwa sababu kilikuwa kivuli cha mwezi wake Io kikipita juu ya mawingu. "Shikamoo yake basi," akasema mzee, na akabaki akikitazama mpaka kilipotoka ukingoni. Kwa vumbi la kweli tumia pampu ndogo ya mpira ya kupulizia hewa. Usifute kihisi kwa kanga, kwa tishu wala kwa pindo la shati, na usikipulize kwa mdomo. Kifuniko kirudishwe kila kamera inapotoka kwenye darubini, hata kama ni kwa dakika moja.

Kuna matumizi mengine ambayo shule za mkoa zingeweza kuyafikiria mapema. Tarehe 2 Agosti 2027 kutakuwa na kupatwa kwa jua ambako kutakuwa kamili kaskazini mwa Afrika, na huku kwetu kutaonekana kwa sehemu. Kamera hii inaweza kurusha picha ya jua kwenye projekta darasani, wanafunzi mia wakaona kwa pamoja, mradi kichujio cha jua kifungwe mbele ya mdomo wa darubini. Kisiwekwe nyuma, upande wa kamera, kamwe. Pasipo kichujio hicho cha mbele, kamera itaungua kwa sekunde chache, na jicho la mtoto atakayechungulia litaharibika milele.

Kuhusu gharama, bei ya ASI662MC kwa wauzaji wa nje huzunguka dola 250, na hubadilika kufuatana na msimu wa punguzo. Juu yake kuna usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa baada ya kujumlisha thamani ya mzigo, nauli, bima na ushuru, kwa hiyo mnunuzi asipange bajeti kwa bei ya kwenye tangazo. Omba ankara halisi iwekwe ndani ya kifurushi na nakala yake uibakize kwenye simu. Inapunguza sana mazungumzo wakati wa kutoa mzigo. Programu zenyewe hazikugharimu kitu: FireCapture, AutoStakkert! na Siril ni za bure, na SharpCap ina toleo la bure linalotosha kwa mwaka wa kwanza. SharpCap na AutoStakkert! ni za Windows. Siril inafanya kazi pia kwenye Mac na Linux.

Kifaa kimoja cha ziada hakikwepeki. Kioo cha mbele cha ASI662MC hupitisha infraredi, na bila kichujio cha kuizuia, Mshtarii hutoka na rangi iliyopauka, na hakuna marekebisho ya kompyuta yanayoirudisha vizuri. Kichujio hicho, kinachozuia mionzi ya urujuanimno na infraredi kwa pamoja, hununuliwa kwa ukubwa wa inchi 1.25 na hufungwa kwa skrubu kwenye mdomo wa kamera. Kiagizwe katika kifurushi kile kile cha kamera, kwa sababu kukiagiza peke yake baadaye kutakugharimu nauli ya pili inayoweza kukaribia bei yake.